Gari lililofichwa nyuma ya ukuta: historia ya Bukavu ndani ya garaji moja



Leo sikuletei habari ya vita wala bei ya unga sokoni. Nakuletea habari ya gari moja dogo lililokaa gizani katika parseli moja ya komini Ibanda, hapa Bukavu, tangu Oktoba 1996 hadi kiangazi cha 2025. Ni gari la marehemu rafiki yangu. Alikuwa fundi mitambo wa redio, yule ambaye hamkuwahi kusikia sauti yake lakini bila yeye msingesikia sauti yetu. Umeme ukikatika saa ya habari, yeye ndiye aliyekimbilia jenereta. Alifariki mwaka 2022 kwa shinikizo la damu.

Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja alikuwa na neno lake moja: "Siku moja tutabomoa ule ukuta, tuliwashe." Nami nilikuwa namjibu, "Siku moja." Hiyo siku haikufika akiwa hai.

Mwezi wa pili 2025, M23 walipoingia mjini, mjane wake alichukua watoto watatu akateremka njia ya Kamanyola, akavuka hadi Burundi. Parseli akamwachia mama mkwe wake, bibi mzee ambaye alisema miguu yake imekwisha kukimbia. Mwezi wa sita shemeji akanipigia simu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amefika kwa bibi, akatazama kupitia ufa wa ukuta, akataka kulinunua gari kwa kilo. Bibi alipokataa, yule mtu akasema mwenye gari amekufa, mke amekimbia, basi gari halina mwenyewe.

Shemeji akaniambia hivi: "Watoto wanahitaji minervali. Benki zimefungwa huko kwenu na huku sina kazi. Kama ni chuma, wauze. Lakini kama ni gari, shemeji, uniambie ni gari."

Ndiyo kazi aliyonipa. Ili nimjibu, ilinibidi nijue mambo mawili: hicho kitu ni nini hasa, na ni cha nani.

Gari lenyewe

Ni Volkswagen Karmann Ghia ya mwaka 1962, ya milango miwili, iliyokuwa nyekundu. Vijana wa leo hawalijui, lakini wazee wa Kadutu na Ibanda ukiwatajia "ile Volkswagen ya sport" wanatabasamu.

Jina lake ni la viwanda viwili. Ghia ni karakana ya Turin, Italia, iliyochora umbo. Karmann ni kiwanda cha Osnabrück, Ujerumani, kilichounda bodi. Mwaka 1953 watu wa Ghia walichukua ile Volkswagen ndogo ya mviringo tunayoiita Kokisineli, wakaweka juu ya sakafu yake umbo jipya, la chini na laini. Wakubwa wa Volkswagen walipoliona walikubali, na mwaka 1955 gari likaanza kutengenezwa. Liliendelea hadi 1974, na zaidi ya magari 440,000 yalitoka Osnabrück, yenye paa la chuma na yenye paa la kukunja.

Kwa macho ni gari la mashindano. Kwa mota ni Kokisineli tu: silinda 4 nyuma, inapozwa kwa upepo bila maji, nguvu za farasi 34. Hata kwenye barabara nzuri ya Ulaya halikupita sana kilomita 120 kwa saa. Hapa kwetu, ziwa Kivu likiwa karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mota inapata pumzi kidogo kuliko pale kiwandani. Rafiki yangu alikuwa akicheka: "Ni gari la kuonekana, si la kuwahi."

Lakini udhaifu huo ndio uliolifanya liishi. Gari la kweli la mashindano lingekufa hapa baada ya mwaka mmoja kwa kukosa vipuri. Hili lilikula vipuri vya Kokisineli, na Kokisineli zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, ya mwisho ikitoka Mexico mwaka 2003.

Kutoka 1967 hadi 1996

Mwenye gari wa kwanza alikuwa mfanyabiashara Mzungu wa hapa Bukavu, mji ambao watu wazima wa wakati ule walikuwa bado wanauita Costermansville. Baba wa rafiki yangu alikuwa dereva wake. Mwezi wa nane 1967 askari mamluki wakiongozwa na Jean Schramme, Mbelgiji aliyekuwa na mashamba Kongo, waliuteka mji. Waliushikilia hadi mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, jeshi la taifa likiwapiga kutoka pande zote, kisha wakavuka kuingia Rwanda. Watu wengi walikimbia. Nyumba nyingi zilibomoka.

Yule Mzungu aliondoka kabla mambo hayajaharibika kabisa. Mshahara wa miezi kadhaa alikuwa hajaulipa. Aliandika karatasi, akatia sahihi, akampa dereva wake gari badala ya feza. Mwaka 1969 baba akapata karte roze kwa jina lake.

Hapo ndipo gari lilipoanza kuwa la watu. Kwa miaka kumi lilibeba mabibi harusi. Halina nafasi nyuma, kwa hiyo alipanda bibi harusi mmoja tu mbele, na familia ikafuata kwa miguu au kwa kamio. Bibi yule aliyekataa kuuza aliniambia: "Mimi mwenyewe nilipanda humo siku ya ndoa yangu. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana, huuzi kitanda cha mtu kwa kilo."

Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972, kwa siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili, majina ya ubatizo yakakatazwa katika karatasi za serikali. Baba akaacha jina lake la Kikristo, akachukua jina la babu. Novemba 1973 ikatangazwa zaïrianisation: mashamba na maduka ya wageni yakapewa wenyeji. Kwa gari halikubadilika kitu, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuwa la Mkongomani. Lakini maduka yaliyokuwa yakileta vipuri kutoka nje yalianza kufa moja baada ya lingine, kwa maana wengi waliopewa hawakuyajua, na bei ya shaba ilipoanguka nchi ikakosa feza za kigeni.

Mwaka 1979 mota ilivunjika kwenye mlima wa Ngomo, likitoka Uvira. Ilikuwa silinda ya 3. Mafundi wa Volkswagen wanajua: katika mota za zamani chombo cha kupoza mafuta kinaziba upepo wa silinda hiyo, nayo inaungua kabla ya zote. Baba alikuwa ameficha akiba ya noti ndani ya kopo la maziwa. Mwezi wa kumi na moja akaitoa yote, akanunua mota ya Kokisineli iliyopata ajali. Mke wake akamgombeza. Mwezi uliofuata, siku ya Krismasi, serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa mfupi mno. Watu wengi walilala matajiri wakaamka na karatasi. Feza ya baba ilikuwa imegeuka kuwa chuma, na chuma hakikufutwa.

Habari za uporaji wa Kinshasa zilipotufikia Septemba 1991, baba akaanza desturi mpya. Kila jioni alifungua distribita, akatoa kile kipande kidogo kinachozunguka ndani yake, akalala nacho mfukoni. Bila hicho, gari haliwaki hata lisukumwe hadi asubuhi.

Kisha ikafika 1994, wakimbizi wa Rwanda wakajaa mjini na pembezoni mwake, na 1996, vita. Mwisho wa mwezi wa kumi 1996 Bukavu ilianguka. Siku zile ndipo aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, na kila mtu wa umri wangu anakumbuka wazazi wake walikuwa wapi saa ile. Siku chache kabla, baba na mwanawe walilipandisha gari juu ya matofali, wakatoa matairi wakayazika, wakajenga ukuta mbele ya garaji na kupanga kuni. Rafiki yangu alikuwa na miaka 15. Aliniambia ndiye aliyekanyaga udongo wa kujengea. Halafu wakaondoka kwa miguu kuelekea Walungu.

Waliporudi, nyumba ilikuwa imeporwa hadi milango. Ukuta ulikuwa umesimama.

Kwa nini hawakulitoa

Niliwahi kumwuliza rafiki yangu jambo hilo. Vita ya kwanza ilikwisha, wangeweza kulitoa. Akanihesabia: 1998 ikaja vita ya pili. 2004, kati ya mwezi wa tano na wa sita, mapigano yakarudi katikati ya mji. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Dominika, tetemeko la ardhi lilipiga Bukavu. Sehemu ya juu ya ukuta ikaangukia paa la gari na kulibonyeza. Baba akasema, afadhali, sasa hata mwizi atalihurumia. Mwaka uliofuata akafariki. "Kila tukisema sasa kuna amani," rafiki yangu aliniambia, "tunangoja mwaka mmoja tuone. Na mwaka huo haujawahi kupita mzima."

Naandika hili kwa sababu nafikiri si gari peke yake. Ni wangapi kati yetu wana kitu walichokiweka hadi amani itakapotulia: cherehani, mabati ya kuezekea, shahada ya shule, ndoa yenyewe?

Tulivyolifungua

Tulibomoa ukuta mwanzo wa mwezi wa saba. Tulikuwa watu wanne: mimi, vijana wawili wa avenyu, na mzee mmoja fundi wa Kadutu aliyetengeneza Volkswagen tangu miaka ya 1970. Mzee alituzuia mlangoni. "Mtoto wangu," aliniambia, "mgonjwa aliyelala miaka yote hii humwamshi kwa kumpiga makofi."

Hakugusa ufunguo. Alitoa bujii nne, akamimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda, akafunika, akatuambia turudi baada ya siku nne. Tuliporudi, alishika nati ya puli nyuma ya mota kwa spana ndefu, akavuta taratibu. Haikusogea. Akavuta kinyume. Mara ya tatu ikasogea upana wa kidole, halafu nusu mzunguko, halafu mzunguko mzima. Mzee akakaa chini, akaomba maji ya kunywa.

Kazi iliyofuata ilichukua wiki tatu. Mafuta ya zamani ya mota yalitoka mazito kama lami; tukasafisha chujio la waya lililo chini, tukaweka mapya, lita mbili na nusu. Tangi la esansi, ambalo katika gari hili liko mbele, lilikuwa na kutu ndani. Vijana walitia changarawe na mnyororo, wakalitikisa siku nzima, wakalisuuza. Mipira yote ya esansi tuliitupa, kwa sababu mpira uliozeeka ukivuja juu ya mota ya moto ndio unaochoma gari. Karburata ilifunguliwa mezani kwa bibi, juu ya gazeti. Ndani ya mfuniko wa feni tulikuta kiota cha panya kimejaa kabisa. Mzee alisema tungewasha bila kukitoa, mota ingekufa kwa joto kabla ya saa moja, kwa kuwa haina maji, ina upepo tu, na upepo ungekosa njia.

Kile kipande cha distribita kilikosekana. Baba alikifia nacho, tukadhani. Bibi akaingia ndani, akarudi na lile kopo la maziwa. Kilikuwa humo, kimefungwa ndani ya kitambaa, pamoja na kadi za ubatizo za watoto na karte roze.

Gari ni la nani?

Karatasi hiyo nusura itushinde. Yule mnunuzi wa vyuma alikuwa amekwenda kwa shefu wa avenyu kusema kwamba gari halina mwenyewe. Shefu, mtu wa haki, akatuita sote. Akasoma karte roze ya 1969: jina ni la Kikristo, ambalo haliko katika kitambulisho cha mzee kilichofuata. Akasoma namba ya mota, akamtuma kijana kwenda kuitazama: haikufanana. Mnunuzi akacheka. "Mnaona? Jina si lake, mota si yake."

Kumbe kila jambo lilikuwa na historia yake. Jina lilibadilishwa na sheria ya 1972. Bibi akaleta kadi ya ubatizo yenye majina yote mawili, moja limeandikwa juu ya jingine kwa mkono wa padri. Mota ilibadilishwa na mlima wa Ngomo mwaka 1979. Ikabaki namba ya shasi. Mzee fundi akasema katika Volkswagen hiyo namba haiko kwenye mota, imegongwa kwenye chuma cha sakafu, kwenye kile kituta cha katikati, chini ya kiti cha nyuma. Shefu mwenyewe akaingia, akapiga magoti, akasugua vumbi kwa kitambaa chake na kumulika kwa simu. Akaisoma kwa sauti namba baada ya namba, na mimi nikafuata kwa kidole katika karatasi. Ilikuwa ile ile, hadi ya mwisho.

Shefu akaandika cheti kidogo, akapiga muhuri. Mnunuzi akaondoka bila kuaga.

Siku lilipowaka

Gari linatumia umeme wa volti 6, na batri za aina hiyo hazipatikani hapa. Mzee akachukua batri ndogo ya volti 6 kutoka katika taa ya kuchaji. Haina nguvu ya kuzungusha mota, lakini inatosha kutoa cheche. Breki hazikuwa tayari, kwa hiyo hatukuthubutu kuingia kwenye mteremko. Tulisukuma ndani ya avenyu mahali palipo tambarare, watu kumi na wawili, mzee akiwa ndani na vijana wawili wakiwa na mawe mikononi tayari kuyaweka mbele ya magurudumu.

Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili likakohoa, moshi mweupe. Nikampigia shemeji simu, nikamwambia asikilize tu. Mara ya tatu likashika. Silinda tatu kwanza, ikapigapiga vibaya, halafu ya nne ikajiunga, na ule mlio wa Volkswagen, mlio mkavu kama wa cherehani kubwa, ukajaa avenyu nzima. Wanawake walitoka na watoto migongoni. Mzee mmoja jirani alivua kofia.

Liliwaka dakika sita. Mzee fundi akalizima mwenyewe, akasema yatosha kwa leo.

Nilidhani simu imekatika. Kisha shemeji akasema, "Mtoto mkubwa anauliza kama papa yake alishawahi kuusikia huo mlio." Nikamwambia ndiyo, alipokuwa mdogo, hadi miaka 15. Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Basi ni gari."

Halijauzwa. Breki zinahitaji vipuri vipya kote, sakafu ya mbele ina kutu, na minervali bado ni tatizo. Mtu mmoja mwenye kupenda magari ya zamani ametaja bei ya gari, si ya chuma, na shemeji amesema atafikiri akirudi. Tumeliweka tena juu ya matofali. Ukuta hatukuujenga, bibi amekataa.

Kwa ninyi mlio kambini na katika familia za wenyeji, ningependa mchukue jambo moja kutoka kwa habari hii. Kama mliacha parseli, moto, mashine ya kusaga au kitu kingine chenye namba, andikeni namba hiyo sasa, au mumtume mtu mnayemwamini aisome na kuipiga picha. Picha za karatasi zenu wekeni katika simu mbili tofauti. Kama jina la mzazi lilibadilika mwaka 1972, tafuteni kadi ya ubatizo inayoonyesha majina yote mawili. Waelezeni watoto historia ya kila kitu: nani alikinunua, lini, na kwa nini kiko kilivyo. Sisi siku ile mbele ya shefu, bila kumbukumbu za bibi tungekuwa tumeshindwa na karatasi zetu wenyewe.

Rafiki yangu, ule ukuta tumeubomoa. Samahani kwa kuchelewa.

Mwandishi wenu, Bukavu